Makala Yako Isife Mlangoni: Kutuma Kazi kwenye Mikutano na Majarida ya Ujifunzaji wa Mashine

Makataa ya mikutano mikubwa ya ujifunzaji wa mashine, yaani fani ya kuifanya kompyuta ijifunze kutokana na data, huandikwa saa 23:59 AoE. Herufi hizo tatu maana yake ni "popote duniani": siku haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka iishe kwenye ukanda wa mwisho wa saa, ulio nyuma ya Greenwich kwa saa 12. Wengi wetu tuko mbele ya Greenwich kwa saa 3. Kwa hiyo aliye Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hufungiwa mlango saa tisa kasoro dakika moja alasiri ya siku inayofuata. Aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, walio mbele kwa saa 2, hufungiwa saa nane kasoro dakika moja. Nimeshuhudia vijana wakituma rasimu yenye majedwali matupu saa sita usiku, macho mekundu kwa kukesha, wakiamini muda umekwisha, na kumbe walikuwa bado na saa 15 mkononi.

Jambo hilo ni dogo, na ndiyo maana linaniuma. Kazi nyingi za wanafunzi wetu hazishindwi kwenye sayansi. Zinaishia mlangoni: akaunti iliyofunguliwa kwa kuchelewa, kiolezo cha mwaka jana, jina la chuo lililosahaulika kwenye shukrani, jibu lililoandikwa kwa hasira. Mwongozo huu ni wa mtu anayetuma kwa mara ya kwanza au ya pili, ambaye msimamizi wake pengine ni bingwa wa fani nyingine na hajawahi kupita njia hii.

Kabla ya hatua ya kwanza, kuna jambo moja la kuweka moyoni. Mwaka 2014 waandaaji wa NeurIPS, mmoja wa mikutano mikubwa ya fani hii, ambao wakati huo uliitwa NIPS, walichukua makala 166 wakazipeleka kwa kamati mbili, kila kamati ikiamua peke yake. Kamati zilitofautiana kwenye makala 43, karibu robo. Na kwa kuwa zinazokubaliwa ni chache, hesabu yake inatisha zaidi: zaidi ya nusu ya makala zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Jaribio lilirudiwa mwaka 2021 kwa makala nyingi zaidi na picha haikubadilika sana. Waliofuatilia makala zile za 2014 miaka kadhaa baadaye waligundua kwamba, kwa zilizokubaliwa, alama za wahakiki hazikuwa na uhusiano na mara ngapi makala ilikuja kurejelewa na watafiti wengine.

Hivyo bahati ipo, na ni kubwa. Huwezi kumchagua mhakiki. Unachoweza ni kuhakikisha hupotezi hata chembe moja kwa jambo lililokuwa mikononi mwako.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kutuma

Katika fani nyingi mkutano ni mahali pa kuzungumza, na jarida ndilo la kuchapisha. Kwenye ujifunzaji wa mashine mambo yako kinyume: makala kamili, zenye uhakiki mkali, huchapishwa kwenye mikutano, na mikutano mitatu ndiyo inayotajwa kila mahali. ICML hupokea makala mwishoni mwa Januari na kukutana Julai. NeurIPS hupokea Mei na kukutana Desemba. ICLR hupokea mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba na kukutana Aprili au Mei. Tarehe kamili hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wenyewe. Mwaka 2024 NeurIPS ilipokea zaidi ya makala 15,000, ikakubali takriban robo.

Kama kazi yako ni ya lugha, na wengi wetu tunafanya kazi za Kiswahili au za lugha zetu za nyumbani, nyumba yako ni mikutano ya ACL, chama cha watafiti wa lugha na kompyuta, na ndugu zake kama EMNLP. Huko makala huingia kupitia mfumo wa pamoja uitwao ACL Rolling Review, wenye mizunguko kadhaa kwa mwaka. Unahakikiwa kwanza, kisha unapeleka makala pamoja na uhakiki wake kwenye mkutano unaoutaka. Faida yake kwa mtu wa kwetu ni kubwa: ukikosa mzunguko mmoja kwa sababu umeme ulikatika wiki nzima, hupotezi mwaka.

Sasa, majarida. Najua kilio cha wengi: chuo kinahesabu jarida, mkutano hakiutambui, na bila jarida huhitimu uzamivu wala hupandi cheo. Usiache mikutano kwa sababu hiyo, na usikimbilie jarida lolote lililo karibu. Kuna majarida ya fani yetu yenye heshima ambayo hayamtozi mwandishi wala msomaji senti moja. JMLR (Journal of Machine Learning Research) lilianza mwaka 2000, na mwaka 2001 wajumbe 40 wa bodi ya jarida jingine la fani hii walijiuzulu wakaliunga mkono, kwa sababu walitaka utafiti usomwe bure. Watu wale walipigania jambo ambalo leo linamfaa mwanafunzi wa Mbeya au Eldoret kuliko yeyote.

Mdogo wake ni TMLR (Transactions on Machine Learning Research), lililoanza 2022, na kama ningeambiwa nimshauri kijana mmoja mahali pamoja pa kuanzia, ningemtuma huko. Halina makataa, unatuma ukiwa tayari. Wahakiki huulizwa mambo mawili tu: je, madai ya makala yana ushahidi wa kutosha, na je, kuna wasomaji wa jarida watakaonufaika nayo? Hawaruhusiwi kukukataa kwa kusema kazi si kubwa vya kutosha au haishindi modeli ya kampuni fulani. Makala ya kurasa zisizozidi 12 huhakikiwa kwa muda mfupi zaidi. Na ni jarida, kitu ambacho vyuo huhesabu. Kwa kazi za lugha kuna TACL, jarida la ACL, ambalo makala zake huweza kuwasilishwa kwenye mikutano ya ACL. Ndipo ilipochapishwa MasakhaNER mwaka 2021, data ya kutambua majina ya watu, mahali na taasisi katika lugha 10 za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, iliyotengenezwa na Masakhane, jamii ya watafiti wa lugha za Kiafrika, kwa mikono ya watu wengi wa bara hili.

Kama kazi bado changa, anza na warsha. AfricaNLP, warsha ya kazi za lugha za Kiafrika, imekuwa ikifanyika tangu 2020, na Deep Learning Indaba, mkusanyiko wa watafiti wa fani hii barani Afrika ulioanzia Johannesburg mwaka 2017, hupokea mabango ya wanafunzi yanayoeleza kazi zao. Warsha nyingi hazihesabu makala kuwa imechapishwa rasmi, kwa hiyo unaweza kuipeleka kazi ile ile mkutanoni baadaye. Thibitisha hilo kwenye tangazo lao kabla hujatuma, kwa sababu kutuma makala moja sehemu mbili rasmi kwa wakati mmoja ni kosa litakalokufanya ukataliwe kote kuwili.

Barua pepe ikikuita "Profesa Mheshimiwa" wakati bado uko mwaka wa pili wa uzamili, ikakuahidi uhakiki ndani ya siku tatu na kutaja ada kwa dola, ifute.

Hatua ya 2: Fungua akaunti mwezi mmoja kabla

Mikutano mikubwa mingi hutumia OpenReview, mfumo wa mtandaoni wa kupokea makala na kuzihakiki. Kila mwandishi, hata yule aliyesaidia kukusanya data tu, anatakiwa awe na wasifu humo. Mwenye barua pepe ya chuo au taasisi inayotambulika hufunguliwa mara moja. Mwenye Gmail husubiri mtu autazame wasifu wake kwanza, na kusubiri huko kunaweza kufika wiki mbili.

Hapa ndipo tunapoumia sisi zaidi ya wengine, kwa sababu barua pepe za vyuo vyetu mara nyingi hazifanyi kazi vizuri na watu wamezoea Gmail. Waandikie waandishi wenzako leo. Usiwaambie tu "fungueni akaunti". Waombe wakutumie picha ya ukurasa inayoonyesha wasifu umeshapitishwa. Msimamizi wako pia, kwa heshima: "Shikamoo Daktari, naomba utumie dakika kumi leo kwa jambo hili, vinginevyo makala haitapokelewa." Ataelewa.

Jua pia kwamba kuna makataa mawili. La kwanza ni la ikisiri na orodha ya waandishi, na hutangulia la makala yenyewe kwa siku chache hadi wiki. Asiyeandikisha ikisiri hana nafasi ya kuleta makala, na majina mara nyingi hayaongezwi tena baadaye. Malizeni mazungumzo ya nani atangulie kwenye orodha kabla ya siku hiyo, mkiwa mmekaa pamoja, maana nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa jambo hili. Tena mikutano mingi siku hizi humtaka angalau mwandishi mmoja akubali kuhakiki makala za wengine. Ukikubali, fanya kwa wakati. Uzembe wako kwenye uhakiki unaweza kuiponza makala yako mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika dai kabla ya kuandika makala

Shule nzuri kuliko zote katika jambo hili haina ada. ICLR huacha wazi uhakiki wake wote, wa zilizokubaliwa na wa zilizokataliwa, kwenye OpenReview. Tafuta makala sita zinazokaribiana na yako, tatu za kila upande, usome walichosema wahakiki na jinsi waandishi walivyojibu. Utakuta malalamiko ni yale yale: dai kubwa kuliko ushahidi, ulinganisho usio wa haki, msomaji haelewi jipya ni lipi.

Chukua mfano wa modeli ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha za majani. Wengi wetu tumeanzia hapo, kwa sababu ya picha zilizokusanywa Uganda na maabara ya akili unde ya Makerere pamoja na watafiti wa mazao wa NaCRRI. Rasimu ya kwanza ya ikisiri karibu kila mara husomeka hivi:

"Tunapendekeza modeli mpya yenye ufanisi mkubwa inayotambua magonjwa ya muhogo kwa usahihi wa hali ya juu kuliko mbinu zilizopo."

Mhakiki anauliza: mbinu zipi? Usahihi kwenye picha zipi? Mmegawaje data? Sasa soma hii:

"Modeli za kutambua magonjwa ya muhogo hupimwa kwa picha kutoka mashamba yale yale zilikojifunzia. Tunaonyesha kwamba ufanisi wake hushuka zinapopelekwa kwenye mashamba mapya, tunapima kushuka huko kwa batobato na kwa michirizi kahawia, kila ugonjwa peke yake, na tunatoa njia ya kugawa data kwa shamba badala ya kwa picha."

Ya pili haijivuni kwa lolote, lakini kila kifungu chake kinaweza kupimwa, na mkulima wa Mtwara atakayeshika simu mbele ya jani la shamba lake anaihitaji ya pili, maana shamba lake halikuwemo kwenye data. Kama umepiga picha tano za mche mmoja, kisha ukazichanganya ovyo, tatu zikaenda kwenye mafunzo na mbili kwenye mtihani, modeli imeshaujua mche. Namba itapendeza na haitakuwa na maana yoyote. Mhakiki mzoefu hulitafuta kosa hili kabla ya kitu kingine.

Andika dai lako kwa sentensi mbili kwenye karatasi, libandike ukutani. Chini yake andika kila jaribio na ni kipande gani cha dai linachothibitisha. Jaribio lisilothibitisha kitu litupwe au liende kwenye kiambatisho. Kipande cha dai kisicho na jaribio kifutwe kwenye ikisiri, hata kama ndicho ulichokipenda.

Modeli unayojilinganisha nayo ipe nafasi sawa na yako: muda uleule wa kurekebisha vigezo, data ileile. Rudia kila jaribio mara kadhaa kwa mbegu tofauti za nasibu, yaani namba zinazoanzisha bahati ya kompyuta, na uonyeshe jinsi matokeo yanavyotawanyika, kwa maana tofauti ya nukta chache inaweza kuwa bahati tupu. Kama una GPU (kichakataji cha kufundishia modeli) moja ya kuazima, sema hivyo waziwazi, na chagua swali ambalo modeli ndogo inaweza kulijibu kikamilifu. Kazi ndogo iliyofungwa pande zote hushinda kazi kubwa inayovuja.

Hatua ya 4: Ficha jina lako kila mahali

Uhakiki ni wa kificho pande zote: hawakujui, huwajui. Watu hukumbuka kufuta majina chini ya kichwa cha makala wakaishia hapo. Jina hujificha kwenye shukrani, kwenye taarifa za ndani za faili la PDF, kwenye kiungo cha msimbo, na kwenye sentensi kama "katika kazi yetu iliyotangulia tulionyesha". Andika "Fulani na wenzake walionyesha", ukijitaja kama unavyomtaja mtu mwingine. Namba ya kibali cha utafiti cha COSTECH (Tanzania) au NACOSTI (Kenya) nayo inakutaja. Andika kwamba kibali kilitolewa na mamlaka husika na kwamba namba itawekwa makala ikikubaliwa.

Mimi mwenyewe nilikataliwa bila kusomwa mwaka mmoja. Makala ilikuwa safi, tulikuwa tumeipitia mara tatu. Kosa lilikuwa kwenye folda ya msimbo: faili moja la mipangilio lilikuwa na njia ya kompyuta yangu, na ndani ya njia hiyo jina langu lote na la idara. Miezi saba ya kazi, na wenzangu wawili waliokuwa wakitegemea makala ile kuombea ufadhili. Tangu siku hiyo siachii folda mpaka nimeitafuta yote kwa amri moja, nikiandika jina la kila mwandishi, la chuo na la mji.

Kuweka rasimu yenye majina kwenye arXiv, hifadhi ya wazi ya makala mtandaoni, kunaruhusiwa na mikutano yote mitatu niliyoitaja. Ila usiitaje rasimu hiyo ndani ya makala kama yako. Na kama hujawahi kuweka kitu huko, huenda ukahitaji mtu anayekuthibitisha kwanza, kwa hiyo anza mapema.

Hatua ya 5: Wiki ya mwisho

Pakua kiolezo cha mwaka huu, na usiguse ukubwa wa herufi wala pambizo. NeurIPS imekuwa ikiruhusu kurasa 9 za maandishi makuu, ICML 8, ACL 8 kwa makala ndefu na 4 kwa fupi, marejeo hayahesabiwi. Ukizidisha mistari miwili, makala hukataliwa bila kusomwa. NeurIPS ina orodha ya maswali ya kujikagua ambayo lazima iwemo mwishoni mwa faili. Ikikosekana, mlango umefungwa. ACL inataka sehemu ya mipaka ya utafiti. Iandike kwa moyo. Mpaka uliousema mwenyewe mhakiki huuona kama uaminifu. Akiugundua yeye huuita dosari.

Siku mbili kabla, pakia rasimu iliyokamilika. Mfumo hukubali kubadilisha faili mpaka dakika ya mwisho, na ile iliyomo humo inakulinda dhidi ya umeme, bando kwisha na mafuriko ya watu wote duniani wanaopakia saa ya mwisho. Fungua faili ulilopakia, lisome kwenye simu, hakikisha michoro imetokea.

Kuhusu akili unde ya kuandika: kuitumia kunyoosha Kiingereza chako kwa kawaida kunaruhusiwa, na kwa sisi tusiozaliwa na lugha hiyo ni msaada wa kweli. Soma kanuni za mkutano husika. Lakini kila neno ni lako. Rejeleo ambalo hujalifungua na kulisoma usiliweke, kwa sababu mashine hizi hubuni makala zisizokuwepo, na rejeleo moja la uongo humfanya mhakiki aache kuamini namba zako zote. Kuficha maagizo kwa herufi nyeupe ili mashine ya mhakiki iisifu makala, jambo lililogunduliwa kwenye makala kadhaa mwaka 2025, ni udanganyifu, na ICML ilitamka hivyo.

Hatua ya 6: Kuwajibu wahakiki

Baada ya miezi miwili hivi utapata maoni ya wahakiki watatu au wanne, na siku chache za kujibu. Soma, funga kompyuta, lala. Asubuhi gawanya kila oni: swali, kutoelewa, dosari ya kweli, ombi la jaribio. Anza na yanayojirudia kwa wahakiki zaidi ya mmoja.

Oni ambalo sisi hulipata karibu kila mara ni hili: "Mbinu imejaribiwa kwa Kiswahili peke yake. Haijulikani kama itafaa lugha nyingine." Linachoma. Mtu wa Kiingereza haulizwi hivyo. Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kumwambia ana upendeleo, na hilo jibu liandike kwenye daftari lako, liache humo. Kisha andika hili:

"Asante. Dai letu linahusu Kiswahili, na limeandikwa hivyo kwenye kichwa na kwenye ikisiri. Tulikichagua kwa sababu neno moja kama 'nitakupikia' hubeba mtenda, wakati, mtendewa na kauli, na mbinu yetu inahusu namna ya kuyakata maneno ya aina hiyo. Kwa ombi lako tumeongeza jaribio dogo kwa Kinyarwanda, ambacho ni lugha ya Kibantu yenye muundo unaokaribiana. Matokeo yapo kwenye jedwali lililo hapa chini. Tumeongeza pia aya kwenye sehemu ya mipaka."

Limejibu, limeleta kitu kipya, halikumdhalilisha mtu. Na kwa wanaotuma kupitia ACL Rolling Review, kuna silaha halali: mwongozo wao kwa wahakiki unataja waziwazi kwamba kuikosoa kazi kwa kuwa imejaribiwa kwa lugha isiyo Kiingereza ni uhakiki wa kivivu. Unaweza kulieleza hilo kwa upole kwa mwenyekiti wa eneo, yaani anayesimamia wahakiki wa makala yako, kwenye ujumbe unaomfikia yeye tu.

Mwenyekiti huyo ndiye msomaji wako wa kweli katika hatua hii. Ana makala nyingi na muda mfupi. Mfungulie kwa mistari minne inayosema wahakiki walikubaliana kwenye nini, walitilia shaka nini, na umefanya nini juu yake. Kama mhakiki amekosea, mwonyeshe ukurasa na mstari. Kama amepatia, sema amepatia. Usiahidi jaribio utakalolifanya baadaye ikiwa unaweza kulifanya usiku huu.

Hatua ya 7: Uamuzi

Ukikataliwa, usitume mahali pengine kesho yake. Mwaka 2013 makala ya kwanza ya word2vec, mbinu ya kugeuza maneno kuwa namba ambayo karibu kila mtu wa fani hii amewahi kuitumia, ilikataliwa kwenye mkutano wa kwanza wa ICLR. Mwaka 2023 NeurIPS iliipa makala yake ya pili tuzo ya kazi iliyohimili miaka kumi. Kwa hiyo kukataliwa hakusemi kazi yako ni bure. Lakini pia usijifariji kwa hadithi hiyo ukaacha kusoma maoni. Yatenge mafungu mawili: ambayo mhakiki mwingine yeyote angeyasema, na ambayo ni ladha ya mtu mmoja. Rekebisha fungu la kwanza lote. La pili chagua. Kisha angalia kalenda ya Hatua ya 1: aliyekataliwa NeurIPS mwezi Septemba ana ICLR mbele yake ndani ya siku chache, na kama siku hizo hazitoshi, TMLR haina foleni ya tarehe. Kumbuka tu kwamba ICLR huacha makala zilizokataliwa wazi, pamoja na majina ya waandishi, kwa hiyo usipeleke huko kazi ambayo hutaki kuonekana nayo.

Ukikubaliwa, siku hiyohiyo, kabla hata hujampigia mama, anza mambo ya safari. Angalau mwandishi mmoja lazima ajisajili kwa ada. Mikutano hii ina misaada ya fedha kwa wanafunzi na nafasi za kujitolea zinazofuta ada ya kiingilio, lakini maombi yake hufungwa mapema, mara nyingine wiki chache tu baada ya uamuzi. Omba barua ya mwaliko wa viza siku ya kwanza. Viza imewaumiza watu wetu: mwaka 2018 watafiti wengi waliokuwa waende kwenye warsha ya Black in AI, jamii ya watafiti Weusi wa akili unde, huko Montreal walinyimwa, wakiwa na makala zilizokubaliwa mkononi. Tatizo la viza ni moja ya sababu zilizofanya ICLR ipangwe kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, ikahamia mtandaoni kwa sababu ya korona, na hatimaye ikakutana Kigali tarehe 1 hadi 5 Mei 2023, ambako Mtanzania, Mkenya au Mganda aliweza kufika kwa basi.

Panga pia nani atawasilisha endapo viza yako itakataliwa, na rekodi video hata kama una hakika ya kusafiri. Bango lichapishe kwenye kitambaa badala ya karatasi: hulikunji likachanika, hulipii mzigo, na linaingia kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya mwaliko, uthibitisho wa usajili na tiketi ya kurudi, karatasi tatu ambazo afisa wa mpakani anaweza kukuomba.